Shilingi ya Mtalii Hulala Wapi?



Kila mara habari za nyumbani zinapotangaza hesabu mpya ya watalii walioingia Zanzibar, wengi wetu tunaoishi hapa Uingereza huona fahari, na fahari hiyo ina sababu zake. Mwaka 1985 wageni waliohesabiwa hawakufika 20,000. Mwaka 2000 walikuwa bado chini ya 100,000. Mwaka 2019 walikuwa 538,264, na mwaka 2024 walipita 700,000, nao wanapokewa na visiwa ambavyo sensa ya mwaka 2022 ilivikuta na wakaazi 1,889,773. Hata hivyo hesabu hiyo hutueleza tu ni watu wangapi walioshuka ndegeni au melini. Haitwambii walilipa kiasi gani, walimlipa nani, wala fedha hizo zililala wapi usiku ule.

Nimeona jambo hili linafaa kuandikwa katika kurasa hizi, badala ya kuachiwa wataalamu, kwa sababu limekwisha kuingia majumbani mwetu. Ni familia chache miongoni mwetu ambazo katika miaka ya karibuni hazijapata ile simu kutoka Unguja: amekuja mtu anakitaka kiwanja cha marehemu babu kule pwani, ndugu wote wamekwisha kuridhia, imebaki sahihi yako tu. Nitaifikia simu hiyo. Kwanza tuitazame shughuli yenyewe ilivyo, maana anayetaka kiwanja cha babu ametumwa na shughuli hiyo.

Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka Zanzibar ya karafuu, majamvi yaliyotandazwa kando ya barabara na harufu iliyokuwa ikimpokea msafiri kabla hajashuka chomboni. Uchumi mzima uliegemea ua moja la mti mmoja. Katika miaka ya 1980 bei ya karafuu duniani ilianguka vibaya, hasa kwa kuwa Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote kwa ajili ya sigara zake, ilikuwa imepanda mikarafuu yake yenyewe hata ikajitosheleza. Serikali ikalazimika kutafuta mlango mwingine. Mwaka 1986 ilipitishwa sheria ya kulinda vitega uchumi, na mwaka 1992 ikaundwa Kamisheni ya Utalii. Basi utalii ulibisha hodi katika nyumba yenye njaa, na mchumba anayefika nyumba yenye njaa hapangiwi mahari makubwa. Mengi tunayoyalalamikia leo katika mikataba ya fukwe chanzo chake ni hali hiyo ya mwanzo.

Walioitikia mwaliko huo kwa wingi ni makampuni ya safari ya Ulaya, na katika miaka ya 1990 Waitaliano walijaa Kiwengwa na vijiji vya jirani hata watoto wa pale wakajua kusalimia kwa Kiitaliano kabla ya Kiingereza. Utaratibu wao ulikuwa, na kwa sehemu kubwa bado ni, ule wa malipo ya jumla. Mgeni hulipa kwa wakala, tuseme Milan, fedha za ndege, gari, chumba, chakula na vinywaji vyote. Anapotua Unguja amekwisha kulipa. Kampuni ya ndege imechukua fungu lake huko huko, wakala amechukua lake, na kinachofika hotelini hutoka tena kununua mvinyo, jibini, mashine za kupoza hewa na vifaa vya jikoni, na kulipa mishahara ya mameneja walioajiriwa kutoka nje. Kinachobaki visiwani ni kodi na ada za Serikali, mishahara ya wapishi, watandika vitanda na walinzi, samaki na mboga ikiwa zimenunuliwa pale, na bahashishi. Utafiti mmoja uliofanywa mwaka 2010 kuhusu njia inayopita fedha ya utalii Zanzibar ulikadiria kwamba kiasi cha sehemu moja tu katika kumi ndiyo inayowafikia watu wa kipato cha chini. Hesabu za namna hiyo hubadilika mwaka hadi mwaka, lakini mtu aliyewahi kusimama nje ya ukuta wa hoteli ya ufukweni, upande wa kijijini, haoni ajabu kuisikia.

Mgeni wa aina hiyo hana sababu kubwa ya kuvuka ukuta. Akivuka, wa kwanza kumpokea ni wale vijana ambao mjini huitwa mapapasi, kwa kufananishwa na mdudu anayeganda mwilini mwa mnyama. Jina hilo silipendi, ingawa nafahamu lilikotoka. Wengi wao ni vijana waliomaliza skuli, wenye lugha tatu au nne walizojifunza kwa masikio, wanaotafuta kamisheni ndogo kwa kumpeleka mgeni dukani au kwenye mashamba ya viungo. Nchi iliyo na vijana wenye lugha nne wasio na kazi ya kudumu ina hazina isiyotumiwa, na ni aibu kuipa hazina hiyo jina la mdudu.

Tuchukue mfano wa nyanya. Meneja wa hoteli anataka kilo mia moja za nyanya kila Jumanne na kila Ijumaa, za ukubwa mmoja, mwaka mzima, pamoja na risiti. Mkulima wa Unguja anazo nyanya nyingi kwa wiki tatu, kisha hana kabisa mpaka msimu mwingine, kwa kuwa anategemea mvua na hana mahali pa kuzihifadhi. Hoteli humlipa mwisho wa mwezi au baada yake, naye ana watoto wa kulisha usiku wa leo. Hivyo meneja humpigia simu mfanyabiashara mwenye uwezo wa kusubiri, na nyanya zinavuka bahari kutoka Bara, pamoja na karoti, viazi na vitunguu. Wazanzibari huambiwa kwamba hawajui kulima. Mimi naona wanachokosa ni pampu ya maji, chumba cha baridi, na mtu wa katikati mwaminifu atakayemlipa mkulima papo hapo na kuidai hoteli baadaye. Hayo si mambo makubwa. Kikundi cha familia kumi za hapa zinazotuma fedha nyumbani kila mwezi kinaweza kuyagharamia bila ya kumngojea mfadhili.

Kwa samaki mambo ni kinyume, na hapa mwanakijiji huumia kwa njia isiyoonekana haraka. Hoteli hununua vizuri sana. Nguru, kamba na pweza hupata bei ambayo mvuvi hakuiota zamani, naye hana lawama kwa kuuza ghali. Lakini mke wa jirani yake, asiye na mtu hotelini, hawezi tena kumnunua pweza ambaye mama yake alikuwa akimchokoa mwambani bure wakati wa maji kupwa. Anarudi nyumbani na dagaa. Takwimu za mapato zinaliandika jambo hili kama faida, na ni faida kweli, isipokuwa kuna nyumba ambazo faida hiyo imeondoa kitoweo mezani.

Nao wanawake wa pwani ya mashariki wana habari ndefu zaidi. Kilimo cha mwani kilianza Paje na vijiji vya jirani mwaka 1989, na karibu chote kikawa mikononi mwao. Kwa mara ya kwanza mwanamke wa kijijini alikuwa na fedha ambazo hakumwomba mume: alijenga nyumba, akanunua mabati, akasomesha. Mwani mkavu husafirishwa nje, nao hutolewa dutu ya kugandishia vyakula na dawa za meno. Kisha mambo mawili yakaja kwa pamoja. Maji ya ufukweni yalipata joto, na aina ya kotoni, ambayo ndiyo yenye bei nzuri, ikaanza kufa karibu na pwani. Na fukwe zile zile zikapendwa na wageni wanaotaka kuogelea na kuteleza juu ya maji kwa tiara kubwa, ambao vigingi na kamba za mwani ni kero kwao. Mkulima akasukumwa na joto upande mmoja na mgeni upande wa pili. Wapo walioacha. Wapo, hasa Paje, waliogundua kwamba mgeni yule yule anayelalamikia vigingi yuko tayari kununua sabuni na mafuta yaliyotengenezwa kwa mwani, na kipande kimoja cha sabuni huuzwa kwa bei inayoipita kilo nzima ya mwani mkavu. Wanawake hao leo huwatembeza wageni katika mashamba yao majini na kulipwa kwa matembezi. Kwangu mimi huo ndio utalii uliokomaa: mgeni analipia maarifa ya mwenyeji, mahali pa mwenyeji, na fedha inapokewa kwa mkono wa mwenyeji.

Niseme machache kuhusu maji, maana ndiyo yatakayoamua mustakabali wa pwani kabla ya jambo jingine lolote. Unguja haina mto mkubwa. Upande wa mashariki na kaskazini ni mawe ya matumbawe, mvua hupenya na kukaa kama tabaka jembamba la maji matamu juu ya maji ya chumvi. Ukichota kwa kiasi, hubaki. Ukichota kwa pampu kubwa mchana na usiku, chumvi hupanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliona kwamba mtalii mmoja katika pwani ya mashariki alitumia kwa wastani lita 685 kwa siku, ukijumlisha bustani, mabwawa ya kuogelea na kufua. Wakati huo wageni wote wa mwaka mzima walikuwa kiasi cha laki moja. Msomaji anaweza kuzidisha mwenyewe. Na kabla hatujaambiwa kwamba hakuna njia nyingine, kuna kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji, ambacho tangu mwaka 1994 ni hifadhi ya bahari inayojiendesha kwa fedha za wageni wake. Vyumba vyake ni saba tu. Maji yake yote ni ya mvua, hukingwa juu ya mapaa makubwa ya makuti na kuwekwa katika birika chini ya sakafu. Vyoo vyake havitumii maji. Walinzi wake wa matumbawe walitoka miongoni mwa wavuvi, na watoto wa skuli hupelekwa bure kujifunza. Hoteli ya vitanda mia tatu haiwezi kuiga kila kitu cha Chumbe. Paa la kukingia mvua inaweza.

Kwa upande wa kazi, nimesikia katika mikusanyiko yetu maneno makali kwamba Wabara na Wakenya wamechukua nafasi za vijana wetu. Sikubaliani. Ndugu zetu hao walikwenda vyuo vya hoteli wakajifunza kazi. Hoteli zilipofunguliwa wao walikuwa na vyeti, sisi tulikuwa na malalamiko. Sababu yetu moja ilikuwa ya heshima: wazazi wengi hawakutaka mtoto wao, msichana hasa, afanye kazi panapouzwa ulevi na watu wanapopita nusu uchi. Wasiwasi huo sitaudharau, kwani jamii isiyo na mipaka haina cha kumwonyesha mgeni. Lakini hoteli ina kazi nyingi mbali na baa. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, mtoto wa watu wa Makunduchi, alikataliwa na baba yake kwa miaka miwili kuingia kazi ya hoteli. Hatimaye mzee alikubali kwenda kupaona, akaonyeshwa ofisi ya mahesabu, akakaa nusu saa kwenye kiti cha mgeni akitazama nani anaingia na nani anatoka, akaondoka bila ya kusema kitu. Siku ya pili akampa binti nauli ya basi. Leo bibie huyo ni mhasibu mkuu, na wasaidizi wake wawili ni wasichana wa kijiji chake. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinafundisha utalii pale Maruhubi. Ada ya mwanafunzi mmoja haiwashindi wajomba na mashangazi watatu wa Uingereza wakichanga. Ningependa tusomeshe wahasibu, mafundi wa umeme, wapishi wakuu na mameneja, kwa maana mishahara ya vyeo hivyo ndiyo inayotofautisha fedha inayolala kijijini na ile inayopanda ndege.

Hata hivyo kazi zenyewe si za kutegemewa kama mshahara wa Serikali. Masika yakiingia, hoteli nyingi hupunguza watu au hufunga kabisa. Kebo ya umeme chini ya bahari ilipoharibika Disemba 2009, Unguja ilikaa gizani mpaka Machi 2010, na nyumba ndogo za wageni zisizo na jenereta ziliumia kuliko zote. Pigo kubwa lilikuwa korona: mwaka 2020 wageni walishuka hadi 260,644, chini ya nusu ya mwaka uliotangulia. Karafuu nayo ilituangusha kwa namna hiyo hiyo, zao moja, soko la mbali, bei inayopangwa na wengine. Katika miezi ile ya 2020 tulizungumza na jamaa zetu kwa simu, na tofauti ilikuwa wazi. Waliokuwa bado na shamba walirudi shambani wakapanda muhogo na viazi vitamu. Waliokuwa wameuza walitusubiri sisi.

Kwa hiyo sasa tuje kwenye ile simu.

Kwanza tufahamu kinachouzwa. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi yote ya Zanzibar iliwekwa chini ya Serikali. Mwananchi hana umiliki wa udongo. Anayo haki ya kuutumia, na sheria ya ardhi ya mwaka 1992 ndiyo inayoeleza haki hiyo hutolewa, hurithiwa na huhamishwa vipi. Kwa mila zetu, mti ulikuwa na mwenyewe mbali na ardhi: mtu alimiliki minazi thelathini, akaiuza, akairithisha, bila ya kujadili udongo chini yake. Maweni ya pwani, ambako hakuoti kitu isipokuwa vichaka, yalikuwa ya kijiji kizima, ya kukata kuni na kuchoma chokaa, na hapana aliyeyapigia hesabu. Wawekezaji wa kwanza walipofika, fidia ilihesabiwa kwa desturi hiyo: minazi kadhaa mara bei ya mnazi. Upepo, mchanga mweupe na mandhari ya bahari, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikinunuliwa hasa, havikuwa na bei katika daftari la mtu yeyote. Wazee waliopokea fedha hizo hawakuwa wajinga. Walitumia hesabu sahihi ya dunia waliyoijua, na upande wa pili wa meza hapana aliyewaeleza kwamba dunia imebadilika.

Leo hatuna udhuru huo, sisi hasa tunaoishi katika nchi ambayo mtu hanunui hata kibanda bila ya wakili. Nami najua vishawishi. Simu huja na haraka: mnunuzi ana ndege kesho, jirani amekwisha kuuza, Serikali inaweza kukichukua bure, mama anahitaji matibabu. Pengine yote ni kweli. Lakini kabla ya sahihi kuna mambo ya kuulizwa, na anayeuliza asionekane adui wa ndugu zake.

Iulizwe hati. Je, haki ya kukitumia kiwanja hicho imesajiliwa, na kwa jina la nani? Mara nyingi jina ni la babu aliyefariki zamani sana, na mirathi yake haikugawanywa kamwe. Mirathi isiyogawanywa haina muuzaji mmoja. Ina warithi, na kila mrithi ana fungu lake kwa mujibu wa sheria, pamoja na shangazi aliyeolewa Pemba, pamoja na watoto wa marehemu ami walioko Maskati ambao hapana mwenye namba zao. Mkutano wa ndugu wanne barazani hauwaondolei haki yao. Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana na mahakama ya Kadhi zipo kwa ajili ya kazi hiyo, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kesi itakayofuata. Iulizwe pia kama mahali hapo pana wakfu, kisima cha kijiji, makaburi au njia ya wavuvi kuteremkia pwani. Nimesikia vijiji ambavyo mvuvi aliyekuwa akifika kwenye ngalawa yake kwa hatua mia moja sasa huzunguka kuta mbili za hoteli, na njia ile iliuzwa na mtu ambaye haikuwa yake peke yake.

Iulizwe mnunuzi ni nani hasa. Haki ya kutumia ardhi ni ya Mzanzibari. Mgeni hupita njia ya ukodishaji kwa idhini ya Serikali. Anapojitokeza kijana wa mjini asiye na duka wala mshahara, akataka kununua eka mbili za pwani kwa fedha taslimu, ni dhahiri kwamba nyuma yake kuna mtu mwingine, na mara tu sahihi zikikamilika kiwanja kitahama kwa bei nyingine kabisa. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo kazi ya kijana huyo.

Halafu iulizwe kama lazima kuuza. Kuna kukodisha kwa muda maalumu, pale sheria inaporuhusu, kwa mkataba uliosajiliwa wenye kodi inayopanda. Kuna ubia. Na kuna njia ya kawaida kabisa ambayo jamaa wengi wa Jambiani na Nungwi wameifuata: ndugu walio nje huchanga, aliyeko nyumbani husimamia, vyumba vinne au sita vinajengwa, mgeni anakula alichopika mwenye nyumba. Njia hiyo ina matatizo yake, hasa ya mahesabu kati ya ndugu, na nasisitiza daftari, benki na mkutano wa mwaka kwa maandishi, kwani undugu huvunjika kwa vitabu visivyoandikwa kuliko kwa hasara yenyewe. Jambo moja zaidi linawahusu wengi wetu. Sheria za Tanzania haziruhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Aliyechukua pasipoti ya Uingereza asidhani kwamba haki zake za ardhi zimebaki kama zilivyokuwa, wala asiandikishe kiwanja kwa jina la mpwa kwa kuaminiana tu. Amwone wakili wa Zanzibar kwanza.

Ya Mji Mkongwe yanafanana na hayo, ila ni mawe badala ya mchanga. Mji uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na tangu hapo nyumba nyingi zilizokaliwa na familia tatu au nne zimegeuka hoteli za kupendeza, zenye milango iliyopigwa mafuta na ua usio na mtoto. Baadhi ya nyumba hizo ziliokolewa kwa njia hiyo zisianguke, lazima tukubali. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati ikitengenezwa na kuua mafundi wawili. Jengo lile ndilo sura ya mji katika kila kadi ya posta. Ikiwa fedha za watalii wa miongo mitatu hazikutosha kulisimamisha jengo ambalo watalii hao walikuja kulitazama, basi swali langu la mwanzo kuhusu mahali shilingi inapolala si la vijijini tu.

Lakini kuna mahali ambapo mgawanyo umepangwa kwa busara, na mfano ninaoupenda ni Jozani. Msitu ule ni makao ya kima punju, ambaye asili yake ni Unguja peke yake. Wanakijiji walimchukia kwa kula mazao yao na kuuona msitu kama kitu walichonyang'anywa. Kisha sehemu ya ada ya kuingilia ikatengwa kwa ajili ya vijiji vinavyouzunguka, na wakulima ambao kima hula mazao yao wakapata fidia. Mahali hapo palitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Migogoro haijaisha, na fidia haimridhishi kila mtu, lakini kima aliyekuwa mwizi amekuwa na mchango katika skuli na zahanati. Sioni kwa nini ufukwe usitozwe kwa utaratibu huo huo, kila chumba kwa kila usiku, na fungu la kijiji lijulikane na kubandikwa ukutani msikitini na skuli.

Wengi wetu tutasafiri Julai na Agosti skuli zikifungwa. Watoto wetu waliozaliwa hapa watakuwa watalii kwa maana kamili ya neno hilo, watataka bwawa na intaneti, na hapana haja ya kuwakaripia. Ila tuangalie fedha zetu wenyewe. Siku tatu katika nyumba ya wageni ya mtu wa Jambiani, safari ya ngalawa kwa nahodha wa pale, kofia iliyoshonwa kwa mkono badala ya kinyago kilichotoka mbali, jioni moja ya taarabu: hayo yote hulipwa kwa mkono unaomjua. Wanaokwenda Makunduchi kwa Mwaka Kogwa wawahi kuagiza vyumba, kwani hujaa mapema. Nimemwomba mhariri atenge nusu ukurasa wa toleo lijalo kwa ajili ya orodha. Mwenye jamaa anayepangisha vyumba kijijini, anayeongoza wageni au anayeuza kazi za mikono, atuletee jina la kijiji, idadi ya vyumba na bei ya usiku mmoja, kwa barua au kwa kumpa yeyote wa kamati, kabla ya mwisho wa mwezi.